Mangungo wa Msovero Angali Anangoja Hukumu ya Haki

Liko jina moja katika nchi yetu ambalo limegeuzwa kuwa tusi. Kila mara mkataba unapozua mashaka, uwe wa madini, wa ardhi au wa bandari, hakosekani mtu wa kusimama na kumwambia mwenzake kwamba amefanya ya Mangungo. Aliyesema hueleweka mara moja, na aliyeambiwa huona amedhalilishwa. Watoto hulipata jina hilo darasani: huambiwa kwamba palikuwa na mtawala wa Msovero, katika nchi ya Usagara, aliyeitoa ardhi yake kwa Mjerumani kwa kutia alama katika karatasi asiyoweza kuisoma. Baada ya maneno hayo machache somo husonga mbele, na Mangungo hubaki pale pale, mjinga wa milele.

Msovero hiyo, ambayo leo huandikwa Msowero, imo katika wilaya ya Kilosa, wilaya ile ile ambayo kusini yake uko mji wa Mikumi, ujulikanao duniani kwa tembo na twiga wake. Maelfu ya wasafiri hupita huko kila mwezi bila kujua kwamba wanapita karibu na mahali palipotendeka jambo mojawapo lililobadili majaliwa ya nchi nzima.

Sisi twaona kwamba mtu huyu amehukumiwa kwa ushahidi wa upande mmoja. Twaona pia kwamba mahali panapofaa kulisikiliza shauri lake upya si katika mkutano wa hadhara, bali ni katika riwaya ya kihistoria. Na hasa katika ile aina ya riwaya ambayo hulishika fumbo la zamani na kulipeleleza kama vile askari kanzu apelelezavyo kifo kilichotokea jana. Yatupasa tueleze kwa nini.

KAZI YA RIWAYA YA KIHISTORIA

Mwanahistoria hufungwa na hati zake. Pale zinaponyamaza, hana budi naye kunyamaza, au kusema “huenda”. Mtunzi wa riwaya huanza kazi yake pale pale mwenzake alipokomea. Yeye aweza kuingia ndani ya nyumba ambayo hakuna mwandishi aliyepata kuiingia, akasikiliza mke na mume wakinong'onezana usiku, akatuonyesha hofu ya mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Walter Scott wa Scotland, ambaye riwaya yake Waverley ilitoka mwaka 1814, hutajwa na wengi kuwa ndiye aliyeifungulia njia aina hii ya uandishi huko Ulaya. Aliuchukua uasi uliotokea nchini kwake mwaka 1745, akamtia ndani yake kijana wa kubuni, na wasomaji wakaiona vita ile kama waliokuwapo.

Kwetu nako kazi hii si ngeni. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa mchezo wake Kinjeketile, juu ya yule Kinjeketile wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani mwezi wa Agosti 1905, vita vya Maji Maji vilipokuwa vimeanza. Adam Shafi katika Kuli alikirudia kisa cha wafanyakazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, ameandika juu ya misafara ya bara na juu ya askari wetu waliotumikia jeshi la Mjerumani. Na kimoja cha vitabu vyake, Paradise cha mwaka 1994, kimetafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Basi njia ipo, na nyayo zimo ndani yake.

FUMBO LA ZAMANI NA MPELELEZI WAKE

Lakini kisa cha Mangungo chahitaji kitu zaidi ya masimulizi mazuri. Chahitaji upelelezi. Nao upelelezi twaujua. Msomaji gani wa Kiswahili asiyemjua Bwana Msa, na kiko chake, na rafiki yake Najum? Muhammed Said Abdulla alitupa mtu huyo katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, ikapigwa chapa mwaka 1960. Kazi ya Bwana Msa ni moja: watu wote wanapokubaliana juu ya jambo, yeye huuliza wamelijuaje.

Mwandishi mmoja wa Scotland alifanya kazi ya namna hiyo juu ya mfalme aliyekufa karne nyingi zilizopita. Mwaka 1951 Josephine Tey alitoa riwaya iitwayo The Daughter of Time. Ndani yake afisa wa polisi amelala hospitali, mguu umevunjika, hana la kufanya. Anaonyeshwa picha ya Mfalme Richard wa Tatu, aliyeuawa vitani mwaka 1485, ambaye kila mtoto wa Kiingereza alifundishwa kwamba aliwaua watoto wawili wa ndugu yake. Afisa yule anaanza kuuliza maswali ya kazi yake. Nani alisema hivyo? Alisema lini? Alikuwapo? Nani alifaidika? Naye anagundua kwamba mshtaki aliyeaminiwa kuliko wote, Thomas More, alikuwa mtoto mdogo tu wakati mambo yale yalipotukia, na kwamba wengi walioandika walikuwa watumishi wa ukoo ulioupokonya ufalme. Wanahistoria wa Uingereza wangali wakibishana kama afisa yule alipata jibu la kweli. Hata hivyo hakuna aliyemaliza kitabu hicho akaendelea kuyaamini mambo kwa sababu tu yamesemwa mara nyingi.

Maswali hayo manne twaweza kuyapeleka Msovero leo.

KARATASI ILIYOANDIKWA NA MSHTAKI

Mambo yanayojulikana ni haya. Mwezi wa Novemba 1884 Carl Peters, kijana wa miaka 28, alifika Zanzibar pamoja na wenzake wachache, kwa niaba ya chama kilichoundwa Berlin mwaka huo huo kwa ajili ya kutafuta makoloni. Walivuka bara, wakapanda haraka mpaka Usagara, na kabla ya mwisho wa Desemba walikuwa wamekwisha kurudi pwani na furushi la mikataba. Mmoja wa mikataba hiyo una tarehe ya 29 Novemba 1884, nao unamtaja Mangungo wa Msovero. Tarehe 27 Februari 1885 serikali ya Mfalme wa Ujerumani ilitoa hati ya kuzilinda nchi za Usagara, Nguru, Useguha na Ukami, kwa nguvu ya karatasi zile.

Sasa na tuitazame karatasi yenyewe kwa jicho la Bwana Msa.

Kwanza, hati yasema kwamba maneno yake yalielezwa kwa Mangungo waziwazi na mkalimani aitwaye Ramazan. Hapa ndipo fumbo lote lilipolala. Ramazan alikuwa nani? Kijerumani alikijua kiasi gani, na lugha ya Usagara kiasi gani? Aliitafsirije ile habari ya kutoa nchi na haki zake zote kwa milele, katika lugha ya watu ambao ardhi kwao haikuwa mali ya kuuzwa sokoni? Alilipwa na nani, na baada ya siku ile alikwenda wapi? Mtu mmoja tu aliusikia upande huu na upande ule, naye hakuacha maandishi. Mtunzi wa riwaya hawezi kuomba shahidi bora kuliko huyo.

Pili, hati yasema kwamba sahihi zilitiwa kwa kufuata desturi za Usagara. Desturi zipi? Peters mwenyewe aliandika baadaye kwamba alichanjiana damu na baadhi ya watawala aliokutana nao. Sasa mtu aliyechanjiana na mgeni amepata ndugu: ndugu wa kumsaidia vitani, wa kula naye, wa kumpa mahali pa kujenga. Hajauza kitu. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa Msovero, basi siku ile yalitendeka mambo mawili tofauti mahali pamoja: mmoja alifunga undugu, mwingine alinunua nchi, na karatasi ikaandika la mmoja tu.

Tatu, hati yadai kwamba Mangungo, alipoulizwa, alijibu kwamba hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, na hata hakujua kama yuko mtu kama huyo. Hapa Bwana Msa angeweka kiko chake chini. Usagara ilikuwa njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani kwenda Unyamwezi na Ujiji. Burton na Speke walipita mwaka 1857. Stanley alipita mwaka 1871 akihangaika katika matope ya Makata. Kabla yao na baada yao walipita wafanyabiashara wa pwani, mwaka hata mwaka, na nguo zao na bunduki zao na bendera ya Sultani. Je, mtawala wa mahali kama hapo asijue kwamba yuko Sultani Zanzibar? Maneno yale hayakuandikwa kwa ajili ya masikio ya Msovero. Yaliandikwa kwa ajili ya Berlin na London, ambako lilikuwako swali moja tu: nchi hii ni ya Sultani, au haina mwenyewe?

Nne, karatasi ile ile inataja haki za mtawala mwingine, Mwinyi Sagara, kwamba zitahifadhiwa. Maana yake ni kwamba hata mwandishi wake alijua kwamba Mangungo hakuwa juu ya wote. Tena watu wa sehemu hizi, Wasagara na Wakaguru na Wavidunda, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ardhi ilikuwa ya koo, na urithi wa mwanamume uliwaendea watoto wa dada yake. Basi mtu aitoe vipi, kwa milele, nchi ambayo hata mwanawe wa kumzaa asingeirithi? Dada yake Mangungo, kama alikuwa naye, aliulizwa? Wajomba waliulizwa? Katika riwaya, mwanamke huyo angeweza kuwa mtu mkubwa kuliko Peters.

Na swali la mwisho, nani alifaidika, jibu lake liko wazi. Sultani Barghash alipoipinga hati ya ulinzi, manowari za Kijerumani zilikuja Zanzibar mwezi wa Agosti 1885, naye akanyamazishwa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakapatana wao kwa wao, Sultani akaachiwa ukanda mwembamba tu wa pwani. Hapo ndipo twaona jambo ambalo somo la darasani husahau kulisema. Mkwawa wa Uhehe alipigana na Wajerumani mpaka kufa kwake mwaka 1898, na nchi yake ilitwaliwa hata hivyo, na kichwa chake kikapelekwa Ulaya, fuvu lisirudi mpaka mwaka 1954. Wala watu wa pwani walioinuka pamoja na Bushiri mwaka 1888 hawakuokolewa na kukataa kwao. Mizinga ndiyo iliyoitwaa nchi. Karatasi ilikuwa ni ya kuwaonyesha mataifa mengine. Ikiwa ni hivyo, ni haki gani kumtwika mtu mmoja wa Msovero mzigo wote wa miaka mingi ya kutawaliwa?

TUSIMTOE KATIKA TUSI TUKAMTIA KATIKA NGANO

Hata hivyo hatutaki mtunzi atakayetuletea Mangungo malaika. Huo nao ni uongo, ijapokuwa ni uongo wa upande wetu. Huenda mtu yule alitamani zawadi. Huenda alikuwa na jirani aliyemwogopa, akataka rafiki mwenye bunduki. Huenda alidhani kwamba Wazungu hawa, kama wale waliotangulia, wangekula, wangelala, wangepita. Mtunzi mwenye akili atayaacha mambo haya yote yashindane ndani ya mtu mmoja, kwa sababu ndivyo watu walivyo. Msomaji atakayefunga kitabu akisema, “Nami pengine ningefanya vivyo hivyo,” atakuwa amejifunza habari za mikataba kuliko yule aliyefundishwa kucheka tu.

Mipaka ipo. Pale historia iliponyamaza, mtunzi yu huru. Pale iliposema kwa uhakika, hana ruhusa ya kuibadili ili kisa chake kinoge. Ramazan aweza kupewa mke, deni na ndoto mbaya. Tarehe 29 Novemba 1884 haiwezi kusogezwa. Ebrahim Hussein alitupa mfano mwema: aliwaonya wasomaji wake kwamba Kinjeketile wake ni mtu wa sanaa, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Ukurasa mmoja wa maelezo kama hayo, mwanzoni mwa kitabu, ni heshima kwa msomaji na kinga kwa ukweli.

NCHI NAYO NI SHAHIDI

Jambo jingine ambalo mtunzi hana budi kulishika ni nchi yenyewe. Mtu atazamaye Kilosa ya leo aona reli, mashamba ya mkonge, majumba ya zamani ya Wajerumani. Akienda Mikumi aona barabara ya lami ikikata katikati ya hifadhi. Katika Usagara ya mwaka 1884 hapakuwapo hata kimoja cha vitu hivyo. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893. Reli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Hifadhi ya Mikumi iliwekwa mwaka 1964. Mtunzi atakayempitisha Mangungo kando ya shamba la mkonge ameshindwa kabla hajaanza, na mzee yeyote wa Kimamba atamcheka.

Yaliyokuwapo ni mto Mkondoa, ambao hata siku hizi hukumbusha nguvu zake kwa mafuriko. Ni milima ya Rubeho upande wa magharibi. Ni mbuga ya Makata, inayotota maji masika na kupasuka kiangazi. Ni ile miti mirefu ya jamii ya mvumo iitwayo mikumi, iliyoupa mji jina. Kulikuwa na njia ya miguu, na kengele ya msafara, na harufu ya moto wa kambi. Vitu hivi havipatikani katika maktaba pekee. Vyataka mtunzi aende, atembee, akae na wazee wasemao Kisagara na Kividunda, na awe na subira ya kusikiliza habari moja ikisimuliwa kwa njia tatu.

WASIOTAJWA

Twawaandikia wafanyakazi, na kwa hiyo hatuwezi kumaliza bila kuwataja wale ambao hata tusi hawakupata, kwa sababu hawakutajwa kabisa. Peters hakubeba mizigo yake mwenyewe kutoka Saadani. Wapagazi waliibeba. Wao waliona kambi ya Msovero jioni ile. Walisikia vilivyosemwa mbele ya hema na vilivyosemwa nyuma yake. Hakuna aliyewauliza.

Wilaya hii ina wengi wa namna hiyo. Wavidunda wa milima iliyo upande wa kusini waliingia katika vita vya Maji Maji. Mwezi wa Agosti 1916 jeshi la van Deventer liliingia Kilosa, Wajerumani wakirudi nyuma kwenda kusini, na pande zote mbili zilitembea juu ya mabega ya wapagazi, ambao wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Wako waliotandika reli hii kwa mikono, na waliokata mkonge wa Kilosa na Kimamba, wakahesabiwa kwa mafungu na si kwa majina. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, zikipenya milima ya wilaya hii katika mahandaki. Na wajukuu wa wale wa kwanza hupita humo kwa muda mfupi bila kuliona jina hata moja la babu zao. Adam Shafi aliwaonyesha makuli wa Unguja kuwa watu wenye jina, njaa na ushujaa. Wakata mkonge wa Kilosa wastahili vivyo hivyo.

Yuko atakayesema kwamba haya ni mambo ya anasa. Kwamba nchi yenye shida za maji na mbegu haina haja ya riwaya. Twamjibu kwamba jina la Mangungo linatumika kila siku katika mashauri mazito ya nchi. Mfano unaotumiwa kupimia mikataba ya leo ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba ni mfano wa kweli. Tukiendelea kuamini kwamba nchi ilipotea kwa ujinga wa mtu mmoja, tutadhani kwamba kujua kusoma kwatosha kutulinda. Lakini Sultani Barghash alikuwa na makarani na wanasheria, na hakikumfaa kitu mbele ya manowari. Yule aelewaye kwamba karatasi ya Msovero ilitungwa na upande mmoja, ikafasiriwa na mtu wa upande huo huo, ikapelekwa kusomwa mahali ambapo aliyetia alama asingeweza kufika, huyo atajua mambo ya kuangalia mkataba mwingine utakapoletwa mezani.

Basi twatoa rai. Watunzi wetu vijana, hasa wale waliozaliwa Kilosa na Mikumi, walitwae shauri hili na kuliandika kwa Kiswahili, kwa bidii ya mpelelezi na huruma ya mtu wa nyumbani. Walimu wa historia na wa fasihi katika wilaya wawatume wanafunzi kwa wazee na daftari mkononi. Wenye mitambo ya kuchapa wasiikatae riwaya ya namna hii kwa kuhofu kwamba haitanunuliwa. Nasi sote tusimamao majukwaani, mpaka siku shauri lile litakaposikilizwa na mashahidi wa pande zote mbili, tuliache jina la mzee yule lipumzike.